Wachimba Gereji
Lenny Kaye alipokusanya albamu ya Nuggets mwaka 1972, nyimbo 27 za vijana wa Marekani wa miaka ya 60 waliojifunzia magitaa kwenye gereji za wazazi, baadhi zilikuwa zimeshavuma redioni. Aibu iliyoje! Wakusanyaji waliofuata wakajirekebisha: mikusanyiko ya Pebbles ikachimba chini zaidi, na mwaka 1983 ile ya Back from the Grave ikafukua makaburi kabisa. Siku hizi, kwa wachimbaji hawa, bendi ikijulikana nje ya mji wake imejiharibia. Sifa ni santuri moja, mpiga ngoma anayekimbizana na wenzake, na mwimbaji ambaye sasa ni babu wa watu, hajui kwa nini mgeni anampigia simu akilia kwa furaha. Mama wa mwimbaji huyo ndiye aliyewasikiliza mwanzo mwisho, akawaambia wapunguze kelele. Maelezo ya jaladani hakuombwa kuandika.