Barua ya Wazi kwa FIFA: Uhamisho wa Wachezaji Kwenda Ikulu

Kwa: Shirikisho la Kimataifa la Soka (FIFA), Zurich, Uswisi.

YAH: UHAMISHO WA WACHEZAJI KUTOKA UWANJANI KWENDA IKULU, KWA KUREJEA SHAURI LA GEORGE WEAH WA LIBERIA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Katiba ya FIFA inakataza serikali kuingilia mambo ya soka, na katazo hilo halina mzaha. Novemba 2021 serikali ya Kenya ilivunja uongozi wa shirikisho la soka la nchi hiyo kwa madai ya ubadhirifu. Februari 2022 Kenya ikafungiwa, na kifungo kikadumu hadi Novemba mwaka huo. Kuhusu soka kuingilia mambo ya serikali, katiba hiyohiyo iko kimya. Kwa sababu ya ukimya huo, mchezaji aliyetundika daluga huhamia kwenye siasa bila ada ya uhamisho, bila vipimo vya afya na bila kusubiri dirisha la usajili. Mashauri ya aina hii ni mengi, ila lililokamilika kuliko yote ni la George Weah, maana limeanzia mtaani, likafika Ikulu, na likamalizika kwa kipenga.

Weah alizaliwa tarehe 1 Oktoba 1966 na kukulia Clara Town, mtaa wa mabanda jijini Monrovia, akalelewa na bibi yake, Emma Brown. Kabla soka haijaanza kumlipa, alikuwa fundi wa swichibodi katika shirika la simu la Liberia. Ingefaa kazi hiyo iandikwe kwa herufi kubwa katika wasifu wake wa kisiasa, kwa kuwa ndiyo ajira yake ya kwanza ya kuwaunganisha wananchi. Alizichezea Mighty Barrolle na Invincible Eleven za nyumbani, kisha Tonnerre ya Yaoundé. Huko Kamerun kocha Claude Le Roy alimwona, akampigia debe kwa Arsène Wenger wa Monaco. Mwaka 1988 kijana wa Clara Town akatua Ulaya.

Yaliyofuata yamo katika kabati za FIFA yenyewe. Alichukua Kombe la Ufaransa akiwa Monaco mwaka 1991 na ubingwa wa ligi akiwa Paris Saint-Germain mwaka 1994. Msimu wa 1994/95 akawa mfungaji bora wa Ligi ya Mabingwa kwa mabao 7, na baada ya hapo akauzwa Milan. Mwaka 1995 tuzo ya Ballon d'Or ilifunguliwa kwa mara ya kwanza kwa wachezaji wasio raia wa nchi za Ulaya, naye akaibeba mwaka huohuo mlango ulipofunguliwa. FIFA nayo ikamtangaza mchezaji bora wa dunia. Hadi leo hakuna Mwafrika mwingine aliyetwaa Ballon d'Or, jambo linaloeleza vizuri kura nyingi za Monrovia kuliko ilani yoyote ya chama.

Klabu ya Milan inahitaji kuangaliwa kwa makini katika shauri hili. Mmiliki wake, Silvio Berlusconi, alikuwa ameunda chama mwaka 1994, akakipa jina la kelele za mashabiki, Forza Italia, na katika miezi michache akawa waziri mkuu. Weah alifika mwaka mmoja baadaye. Kakha Kaladze, beki wa Georgia aliyevaa jezi hiyohiyo kuanzia 2001, alikuja kuwa waziri wa nishati na kisha meya wa Tbilisi. Andriy Shevchenko, aliyesajiliwa 1999, aligombea ubunge nyumbani kwao Ukraine mwaka 2012, akashindwa. Klabu yenye orodha kama hiyo ingestahili kulipwa ada ya malezi na wizara za mambo ya ndani, si na klabu nyingine.

Ushahidi mkubwa wa upande wa waombaji ni bao la tarehe 8 Septemba 1996 dhidi ya Verona. Kona ya wageni ilipigwa, mpira ukamfikia Weah ndani ya eneo lake la hatari. Akautuliza, akatimua mbio. Katikati ya uwanja watu walimzonga. Akajizungusha, akatoka na mpira upande wa pili kama aliyepita kwenye mlango asiouona mtu mwingine. Akawaacha waliobaki, akapiga shuti la chini, nyavu zikatikisika. Kutoka goli hadi goli hakumpa mwenzake yeyote pasi. Bao hilo limetazamwa Liberia nzima, na waliolitazama walikuwa na haki ya kuamini kwamba mtu wa namna hiyo akikabidhiwa nchi ataivusha peke yake kutoka kona moja hadi nyingine. Ila bao lile halikupita bungeni, halikuhitaji fungu la bajeti, na halikuwa na katibu mkuu wa wizara wa kutia saini.

Wiki chache baadaye jina lake lilifanya kazi nyingine bila yeye kuwapo. Kocha wa Southampton, Graeme Souness, alipigiwa simu na mtu aliyejidai kuwa ni Weah, akimpendekeza binamu yake, Msenegali Ali Dia. Novemba 1996 Dia aliingia uwanjani dhidi ya Leeds katika Ligi Kuu ya Uingereza, akahangaika huku na huko kwa dakika 53, akatolewa. Hakuwa binamu wa mtu. Shirikisho linaombwa kulihifadhi tukio hilo kama jaribio la kwanza la kisayansi lililothibitisha kwamba jina la Weah peke yake linatosha kumpa mtu kazi kabla vyeti havijakaguliwa.

Mwezi huohuo Weah alimpiga kichwa Jorge Costa wa Porto baada ya mechi, akamvunja pua. Alisema alikuwa ametukanwa kwa rangi yake, Costa alikana. UEFA ilimfungia mechi sita. FIFA, kwa mwaka huohuo wa 1996, ikampa tuzo ya mchezo wa kiungwana. Katika siasa, uwezo wa kupata adhabu na nishani kwa msimu mmoja huchukua miaka mingi kuujenga.

Kwa timu ya taifa, Lone Star, hakuna kejeli ya kuandika. Wakati vita vikiila Liberia, alinunua jezi, akalipa nauli, na mwishoni akawa mchezaji, kocha na mfadhili kwa pamoja. Mwaka 1996 aliutaka Umoja wa Mataifa uingilie kati, na nyumba yake ya Monrovia ikachomwa moto na wapiganaji. Kombe la Dunia la 2002 lilimponyoka kwa pointi moja nyuma ya Nigeria. Yeyote anayeshangaa kwa nini vijana waliotoka msituni na bunduki walimtaka awe rais, akumbuke kwamba kwa miaka kadhaa kitu pekee cha taifa kilichokuwa kikifanya kazi Liberia kilikuwa kikilipiwa kutoka mfukoni mwake.

Usajili wa kisiasa ulifuata mara tu baada ya kustaafu mwaka 2003. Katika uchaguzi wa 2005 aliongoza mechi ya kwanza kwa asilimia 28.3 dhidi ya 19.8 za Ellen Johnson Sirleaf, mhitimu wa Harvard. Katika marudiano akapinduliwa, 59.4 kwa 40.6. Mjadala mkubwa ulikuwa elimu. Shahada aliyokuwa akiitaja ilitoka Parkwood, chuo kilichokuwa kikiuza vyeti bila kufundisha. Mashabiki wake walijibu kwamba wasomi ndio walioivuruga nchi, hoja ambayo mtu mwenye kuijua historia ya Liberia hawezi kuitupa moja kwa moja. Weah mwenyewe hakuitegemea sana: alirudi darasani Marekani, akamaliza sekondari, na mwaka 2011 akapata shahada ya usimamizi wa biashara.

Hapa Shirikisho linakumbushwa habari ya Mikheil Kavelashvili, mshambuliaji wa zamani wa Manchester City. Mwaka 2015 alizuiwa kuwania uongozi wa shirikisho la soka la Georgia kwa kukosa elimu ya juu. Desemba 2024 akawa rais wa nchi, akiwa mgombea pekee. Kwa vigezo vilivyopo sasa, basi, nchi ni rahisi kuiongoza kuliko chama chake cha mpira, na inawezekana kabisa wenye vigezo hivyo wana sababu zao.

Mwaka 2011 Weah alikuwa mgombea mwenza wa Winston Tubman. Kambi yao ilisusia duru ya pili, Sirleaf akapita kwa asilimia 90.7, yaani ushindi wa mezani. Mwaka 2014 alimshinda mtoto wa rais, Robert Sirleaf, katika kiti cha useneta cha Montserrado, akaenda kukaa bungeni, ambako alilalamikiwa kwa kuonekana kwa nadra. Useneta huo ungefaa kuitwa mkopo wa muda mfupi: mchezaji anajulikana yuko klabu gani, lakini hapangwi. Desemba 2017 alimshinda makamu wa rais, Joseph Boakai, kwa asilimia 61.5. Mgombea mwenza wake alikuwa Jewel Howard-Taylor, mtalaka wa Charles Taylor, mbabe wa vita aliyewahi kuwa rais, yuleyule ambaye wapiganaji wake walimchomea Weah nyumba. Katika soka, kuhamia kwa mahasimu huchomesha jezi. Katika siasa huongeza kura za jimboni.

Aliapishwa tarehe 22 Januari 2018 katika uwanja wa mpira wa Samuel Doe. Alipunguza mshahara wake kwa asilimia 25. Alifuta ada kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza wa vyuo vikuu vya umma. Alikishambulia kifungu cha katiba kinachowapa uraia watu weusi pekee, kifungu ambacho kilibaki mbele yake bila kufungika, ingawa mwaka 2022 alitia saini sheria ya uraia pacha. Agosti 2018 aliwavisha Wenger na Le Roy nishani za juu za taifa, tendo la shukrani ambalo wapinzani waliona lingeweza kusubiri bei ya mchele ishuke.

Tarehe 11 Septemba 2018 ndiyo siku ambayo barua hii inaitegemea zaidi. Liberia ilicheza na Nigeria mechi ya kirafiki ya kuistaafisha jezi namba 14. Aliyeivaa alikuwa rais wa jamhuri, mwenye miaka 51, akiwa nahodha. Kocha alimpanga Amiri Jeshi Mkuu katika safu ya ushambuliaji, na ilipofika dakika ya 79 akapata ujasiri wa kumtoa. Nigeria ilishinda 2-1, kwa hiyo hakuna anayeweza kudai kwamba dola iliathiri matokeo. Lakini kama waziri wa Kenya aliyevunja kamati ofisini ameingilia soka, ni neno gani linalomfaa mkuu wa nchi aliyeingia uwanjani kwa miguu yake, akapokea pasi na kudai kona? Liberia haikufungiwa hata kwa siku moja.

Nje ya uwanja mambo yalikuwa mazito zaidi. Mwezi huohuo wa Septemba 2018 Monrovia ilikuwa ikizungumzia noti mpya za thamani ya dola za Liberia bilioni 16, takriban dola za Marekani milioni 104, zilizosemekana kupotea. Uchunguzi wa 2019 haukuona dalili ya kontena kuibwa, ila ulikuta benki kuu na hesabu zisizolingana. Juni 2019 maelfu waliandamana kwa ajili ya ugumu wa maisha. Agosti 2022 Marekani iliwawekea vikwazo maofisa wake watatu kwa tuhuma za rushwa. Mahakama ya uhalifu wa kivita haikuundwa. Mwishoni mwa 2022 rais alikaa nje ya nchi karibu wiki saba, safari iliyopitia Qatar, ambako tarehe 21 Novemba mwanawe Timothy aliifungia Marekani bao dhidi ya Wales. Baba aliyelikosa Kombe la Dunia kwa pointi moja aliliona bao la mwanawe katika Kombe la Dunia; ni vigumu kumnyima hilo, na ni vigumu vilevile kumwambia mwananchi wa Monrovia aliyebanwa na ugumu wa maisha kwamba asiione safari hiyo.

Uchaguzi wa 2023 ulikuwa marudiano. Oktoba Weah aliongoza kwa 43.83 dhidi ya 43.44 za Boakai. Tarehe 14 Novemba Boakai, mwenye miaka 78, alishinda kwa 50.64 dhidi ya 49.36, tofauti ya kura zipatazo elfu ishirini. Tarehe 17, kabla tume haijatangaza matokeo ya mwisho, Weah alizungumza redioni na kumpongeza aliyemshinda. Hakumzonga refa, hakuitoa timu uwanjani, hakutuma wanajeshi kuhesabu upya. Marais waliosoma kuliko yeye wameng'ang'ania dakika za nyongeza kwa miongo mizima.

Kwa maelezo hayo, Shirikisho linaombwa yafuatayo. Tuzo zake za mchezaji bora zichapwe maneno haya kwa chini: si cheti cha shule, wala si ilani ya uchaguzi. Mchezaji anayehamia siasa aanzie udiwani, kama chipukizi aanzavyo timu B. Afrika Mashariki tayari ina mfano wa aliyeiruka hatua hiyo: Mkenya MacDonald Mariga, bingwa wa Ulaya na Inter mwaka 2010, alianzia juu katika uchaguzi mdogo wa ubunge wa Kibra, Nairobi, wa Novemba 2019, akapata kura 11,230 dhidi ya 24,636 za Imran Okoth, kisha Desemba 2024 akachaguliwa makamu wa rais wa shirikisho la soka la Kenya, yaani akarudi kwenye siasa zisizoruhusu serikali kuziingilia. Mwisho, kozi za FIFA za kukubali matokeo zifunguliwe kwa viongozi ambao hawajawahi kucheza mpira, gharama zote zikiwa juu ya Zurich.

Barua hii inawasilishwa kwa hatua zenu.

Nakala: Tume za uchaguzi za nchi wanachama 211, kwa taarifa.
Klabu ya Milan, kitengo cha wachezaji wa zamani, kwa utekelezaji.