Kabla ya Kulaumu Kipaji, Leteni Rula

Gitaa linaloning'inia ukutani sebuleni, kati ya kalenda ya mwaka juzi na picha ya harusi, halikununuliwa liwe pambo. Lilinunuliwa kwa matumaini makubwa, likapigwa kwa bidii ya mwanafunzi anayesubiri mtihani, kisha likanyamazishwa na kodi ya F. Mwenye nyumba ukimuuliza imekuwaje, awe wa Nyasho mjini Musoma, wa Balili kule Bunda au wa Butiama jirani na makumbusho ya Mwalimu, jibu ni moja: "Sina kipaji." Husema hivyo kwa unyenyekevu ambao watu wa Mara hatuuonyeshi katika jambo lingine lolote. Hoja yangu ni kwamba hukumu hiyo hutolewa kabla ya kusikiliza mashahidi wawili wakubwa. Wa kwanza ni urefu wa uzi unaotetemeka. Wa pili ni upana wa shingo pale juu, kwenye kile kibanzi cha plastiki au cha mfupa chenye mifereji sita, nyuzi zinapovuka kwenda kichwani. Hao wawili ndio wanaoamua kama vidole vitafika vinakotakiwa kufika, na hao ndio hakuna anayewaulizia dukani. Dukani huulizwa rangi, mkanda, begi la bure, na kama bei ni hiyo hiyo hata kwa mtu wa nyumbani.

Anayejitahidi kuwa makini huuliza inchi, na hapo ndipo balaa linapoanza rasmi. Atatajiwa gitaa la inchi 38, la 39, la 40 na la 41, naye atatikisa kichwa kama aliyeelewa. Inchi hizo zinapima gitaa zima, kutoka ncha ya kichwa hadi makalioni. Zinafaa sana kwa kondakta wa basi la Mwanza anayetafuta pa kulilaza gitaa hilo kati ya magunia na jenereta. Kwa vidole hazina habari yoyote, maana uzi unaopigwa huanzia kwenye kibanzi na kuishia darajani. Gitaa kubwa la nyuzi za chuma linalouzwa kama la inchi 41 na gitaa la klasiki linalouzwa kama la inchi 39 aghalabu yana uzi wa urefu karibu sawa, milimita 645 hadi 650. Kwa hiyo mjomba anayemnunulia mpwa wake mwenye viganja vidogo lile la 39, huku akifurahi kwamba amempunguzia mtoto inchi mbili za mateso, amempunguzia mbao tu. Tena amemwongezea shingo, kwa sababu kibanzi cha klasiki huwa na upana wa milimita 52 hivi, wakati cha gitaa la chuma ni 43 au 44. Mtoto amepewa gitaa dogo lenye shingo ngumu kuliko la mtu mzima, na wiki ya pili atatangazwa hana kipaji. Mvuvi wa Mwigobero hawezi kufanyiwa mchezo huo. Hauziwi nyavu kwa urefu peke yake, atauliza macho ya wavu yana ukubwa gani, na asiporidhika ataingiza vidole vyake mwenyewe kuyapima mbele ya muuzaji. Mnunuzi wa gitaa naye anahitaji ujeuri huo huo: rula iwekwe kutoka kwenye kibanzi hadi freti ya 12, yaani ule utepe wa chuma wa kumi na mbili unaokatiza shingo, na jibu lizidishwe mara mbili. Freti ya 12 ndiyo katikati ya uzi, hivyo hesabu inaishia hapo.

Hesabu nyingine haikwepeki, asiyependa namba avumilie aya hii moja. Freti hazipangwi kwa kukisia. Kila moja hukata sehemu moja kati ya 17.817 za uzi uliobaki. Kwenye uzi wa milimita 650, freti ya kwanza inakaa milimita 36.5 kutoka kwenye kibanzi. Kwenye uzi wa 628, ambao ndio wa magitaa mengi ya Gibson, inakaa 35.2. Hapa mpinzani wangu wa kwanza anasimama na kucheka: milimita moja na ushee, hata mtu aliyekata kucha vibaya ana tofauti kubwa kuliko hiyo. Acheke, ila asiondoke. Kodi ya F inataka kidole cha kwanza kilale juu ya nyuzi zote sita kwenye freti ya kwanza, wakati huo huo vingine vikinyoosha shingo hadi freti ya tatu. Kati ya freti hizo mbili kuna milimita 67 kwenye uzi wa 650. Kwenye gitaa dogo la safari kama Baby Taylor, lenye uzi wa 578 hivi, kuna 60 tu. Milimita saba, kwa kidole kilichokwisha kujinyoosha mpaka mwisho, ni umbali wa kwenda Tarime kwa miguu. Halafu kuna mvuto. Nyuzi zikiwa zile zile na sauti ile ile, mvuto hupanda kwa mraba wa urefu. Ukishuka kutoka 650 hadi 628 mvuto unapungua kwa karibu asilimia 7, na ukishuka hadi 578 unapungua kwa asilimia 21. Sehemu ya tano ya ugumu imeondoka bila maombi wala mazoezi. Ni kweli kwamba uzi mfupi hulegea, hukwaruza ukichapwa kwa hasira, na besi yake haina kifua. Anayepiga kwaya bila maiki ana haki ya kulalamika. Lakini kifua cha gitaa kinatokana zaidi na ubao na ukubwa wa tumbo, na uzi uliolegea hukazwa kwa kununua seti nene kidogo. Kiganja hakiuzwi kwa seti.

Upana wa shingo ndio unaoleta mabishano ya kifamilia, kwa sababu kila upande una ukweli wake. Kwenye kibanzi cha milimita 43, uzi na uzi hutengana kwa milimita saba hivi. Kwenye cha 52, hutengana kwa nane na nusu au zaidi kidogo. Mkono uliolelewa kwa jembe la mhogo au kwa kuvuta kokoro una ncha za vidole zisizojua kukanyaga uzi mmoja bila kumgusa jirani, na jirani akiguswa ananyamaza. Mkono huo unataka nafasi. Lakini kuna mikono minene yenye vidole vifupi, na hiyo ndiyo inayoteseka kuliko yote: ukiipa shingo nyembamba vidole vinabanana, ukiipa shingo pana havifiki uzi wa juu. Wale wanaodai kuna kanuni moja, vidole vinene shingo pana, vidole vyembamba shingo nyembamba, hawajawahi kukutana na mkono wa aina hiyo. Dawa yake ni kupima mambo mawili pamoja, yaani shingo pana kiasi, tuseme 44 au 45, na uzi mfupi, ili nafasi inayopatikana upande mmoja isilipiwe upande wa pili. Mchapaji kodi kanisani na mpiga vidole hawana shida moja pia. Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville mwaka 1952, alisuka muziki mzima kwa kidole gumba na cha shahada. Anayetamani njia hiyo aangalie vilevile nafasi ya nyuzi kule darajani, maana mkono wa kulia unaishi huko na hauna habari na kibanzi.

Mpinzani wa pili ni mzito kuliko wa kwanza, kwa sababu anakuja na jina. Daniel Owino Misiani, atasema, alizaliwa Shirati mwaka 1940, hapa hapa mkoani Mara, akavuka kwenda Kenya, akawa mfalme wa muziki wa benga mpaka alipofariki mwaka 2006. Je, alikuwa na rula? Sidhani. Lakini hoja hiyo inamhesabu aliyefika na kumsahau aliyekwama. Katika kizazi chochote, kijana ambaye gitaa la kwanza alilookota lilimkaa mkononi huendelea, na yule ambaye halikumkaa hurudi kuchunga ng'ombe akiamini Mungu amemnyima. Historia ya muziki huandika habari za wa kwanza, wa pili hana mtu wa kumhoji. Tena tukumbuke benga ilitoka wapi. Miondoko yake ilichumwa kwenye nyatiti, chombo cha Wajaluo chenye nyuzi nane, na jirani yake ni litungu la Wakurya, nalo lina nane. Vyombo hivi havina shingo ya kubonyezea wala freti. Kila uzi una sauti yake na hudonolewa ulivyo, hivyo mpigaji haulizwi kamwe kama kidole chake cha pete kinafika freti ya tatu. Mababu zetu hawakuwa na tatizo la F kwa sababu walikuwa na busara ya kutotengeneza F. Tulipohamia kwenye gitaa tulirithi ubao wenye ngazi zilizopangwa kwa mikono ya watu wengine, tukadhani ngazi hizo zimeshuka na Amri Kumi.

Mpinzani wa tatu ananikera kwa sababu ana hoja ya kweli: dukani kuna magitaa mawili, moja jekundu, jingine limepasuka, uchaguzi uko wapi? Hapo nakubali nusu. Asiyeweza kuchagua urefu anaweza kuufupisha. Kapo, kile kibanio cha shingoni, ikibanwa freti ya pili, uzi wa 650 unabaki 579, yaani gitaa la mtu mzima limegeuka Baby Taylor. Ukizilegeza kwanza nyuzi zote kwa freti mbili, sauti inarudi palepale ilipokuwa, na mkono unapata nafuu yote niliyoitaja. Kapo yenyewe isipopatikana, penseli na kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli hufanya kazi hiyo, japo kwa sura isiyofaa kupigwa picha. Pasipofaa kujiokoa ni kwenye nyuzi. Gitaa la klasiki limejengwa kwa ajili ya nyuzi za nailoni, ambazo zote sita huvuta kama kilo 40, na anayeliwekea za chuma ili "litoe sauti" amelitundikia kilo 70, uzito wa shemeji aliyeshiba. Daraja litang'oka, kwa kawaida katikati ya wimbo wa matoleo. Kinyume chake, mshipi wa kuvulia sangara kwenye gitaa la chuma hautavunja kitu, ila utalipa gitaa sauti ya mtu anayeongea chini ya blanketi.

Bado kuna gitaa la kwaya, ambalo halina mkono mmoja wa kupimia. Kamati itanunua moja, litapigwa na binti wa sauti ya pili mwenye vidole kama vijiti vya kiberiti na mzee wa besi mwenye kiganja cha kubebea tofali, na wote wawili watafuata mwalimu wa kwaya anayeanzisha nyimbo kwa ufunguo ulio kati ya freti mbili. Mazoea ni kumpimia mzee, kwa heshima. Mimi ningempimia binti. Mkono mkubwa unaweza kujibana kwenye uzi wa 628, lakini mdogo haukui kwa azimio la kamati. Mzee atanung'unika kwamba gitaa ni la watoto. Asubiriwe mpaka aifikie ile F, aone kwamba imelia, na kwa mara ya kwanza atafute sababu nyingine ya kunung'unika, pengine rangi.