Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Spika: Kuhusu Suruali ya Mbunge wa Momba

Mheshimiwa Spika wa Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Dodoma.

Nakuandikia kutoka Bujora, Kisesa, kwa heshima yote inayostahili kiti chako, nikikuomba radhi kwa kuchukua muda wako. Nimeona heri niombe hadharani kuliko kunung'unika pembeni.

Kwa idhini yako, naomba nirejee tarehe 1 Juni 2021. Mbunge wa Nyang'hwale, jirani yetu wa Geita, alisimama kulalamikia vazi la mbunge mwenzake mwanamke. Spika wa wakati huo akamwelekeza Mbunge wa Momba atoke, akavae vizuri, ndipo arudi. Ulikuwa mkutano wa bajeti, na wananchi wa Momba wakabaki bila sauti yao ukumbini.

Mheshimiwa, kosa lilisemwa kuwa ni suruali kubana. Kubana hakuna futi. Hupimwa na jicho la mtazamaji, na jicho la mwenye mamlaka likishapima, wa mtaani nao hujipa kazi hiyo. Umoja wa Vijana wa TANU ulipotangaza Operesheni Vijana mwaka 1968, kupinga sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, wasichana wa Dar es Salaam walishambuliwa barabarani hata kabla marufuku haijaanza Januari 1969. Hilo ndilo linalonitia hofu hasa, kwa kuwa nina mabinti.

Uniwie radhi nikupeleke mbali kidogo. Oktoba 1964, wakubwa wa Umoja wa Kisovieti walitaka kurusha watu watatu angani kabla Marekani haijarusha wawili. Chombo cha Voskhod kilitokana na kile cha mtu mmoja, nafasi ikawa finyu, basi watatu wale wakapanda bila mavazi ya kuwakinga hewa ikivuja. Walirudi salama. Ila kiongozi wao, Vladimir Komarov, alirushwa tena Aprili 1967 ndani ya Soyuz 1, chombo ambacho wahandisi walishakijua kuwa na kasoro, na parachuti haikufunguka sawasawa. Akafa. Najua suruali si roketi, Mheshimiwa. Ninachokiona ni kwamba fahari ya mkubwa ilitangulia, na mwenye mwili wake ndiye aliyelipa.

Hapa kwetu Juni hiyohiyo ya bajeti ni mwezi wa Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma. Makundi mawili hasimu ya ngoma, Bagika na Bagalu, hucheza kwa wakati mmoja, na watu huamua kwa miguu: kundi lililovuta watazamaji wengi ndilo mshindi. Wachezaji huvaa watakavyo, wengine huingia na chatu mabegani, na sijapata kuona mzee akisimamisha ngoma apime nguo ya mtu. Wanatazama uchezaji.

Kwa unyenyekevu, basi, nakuomba uifikishe Kamati ya Kanuni hoja hii: malalamiko ya mavazi yaletwe ofisini kwako kwa maandishi, mhusika asikilizwe faraghani, na asitolewe ukumbini kabla hajasikilizwa. Na mbunge akisimama, aulizwe kwanza kuhusu maji, barabara na zahanati za waliomtuma.

Naomba kuwasilisha.

Mimi mwananchi wako mtiifu,
Bujora, Mwanza