Steringi Ana Jina Lake

Kwenye vibanda vya gemu vya Morogoro, kuanzia Msamvu hadi Kihonda, sheria ni moja. Steringi akishinda, ni mimi: “Nimemchakaza!” Akifa, ni yeye: “Kafa boya huyu!” Undugu wa faida tu. Sasa steringi akiwa amekuja na jina lake kabisa, vituko vinazidi. Tuwahesabu watano, wengi wa gemu za kuvaa uhusika, kwa kushuka.

5. CJ (San Andreas, 2004). Wajuaji watabisha kwamba hii si gemu ya kuvaa uhusika. Watulie. CJ akila ovyo ananenepa, akienda jimu anajaa misuli. Wewe uliyekaa kwenye benchi tangu asubuhi kilichopungua kwako ni hela tu.

4. Link (The Legend of Zelda). Tangu 1986 anamwokoa Zelda, na tangu 1986 watu wanamwita Zelda. Kanyamaza. Ungekuwa wewe ungesema nini?

3. Cloud Strife (Final Fantasy VII, 1997). Gemu ilikuruhusu kumbadilisha jina, kwa hiyo kijana mwenye panga kubwa kama mlango angeweza kuitwa Shomari na maisha yakaendelea. Toleo jipya la 2020 likaja na sauti za waigizaji, ruhusa ikafutwa: nani atarekodi majina yote ya Mji Mpya, Morogoro? Waliotengeneza Mass Effect (2007) walikuwa wajanja. Jina la kwanza chagua mwenyewe, la ukoo ni Shepard, na wote wanakuita kwa ukoo kama mwalimu wa zamu.

2. Geralt (The Witcher 3, 2015). Huyu ana maisha yake tangu kwenye vitabu vya Andrzej Sapkowski, wewe hujashika pedi. Ana mpenzi wake Yennefer, ana Ciri, binti wa kulea. Umeingia jana tu, tayari unamtongozea na mwanamke mwingine, Triss! Ukiwaahidi Yennefer na Triss wote wawili, wanamfunga kitandani na kuondoka zao. Aibu yake, kosa lako. Hapo jaribu kusema “boya huyu” uone kibanda kizima kinamtazama nani.

1. Kingalu. Usihangaike kutafuta diski. Kule Kinole, milimani Uluguru, Kingalu ni jina la chifu linalorithiwa kwa upande wa mama. Aliyekuwa nalo akifariki, anasimikwa mwingine, naye ndiye Kingalu. Heshima anairithi, hata soko kuu la Morogoro mjini lina jina hilo; na lawama pia anazirithi, maana uchifu huu una sifa ya mvua, na mvua ikigoma macho yote yanamgeukia yeye. Enzo Kori-Odan wa Aurion (2016), gemu ya Wakameruni, anamkaribia: mwana wa mfalme, kapinduliwa na shemeji yake siku ya kutawazwa. Lakini ukizima mashine, balaa la Enzo unamwachia mwenyewe. Kingalu hana pa kuzimia. Na pedi yenyewe inatolewa na ukoo, kwa hiyo wale wa “lete nikuvushe hapo” wakae benchi.