Texas, Nyumba Ndiyo Inayofungasha

Dada mmoja wa Mombasa, mkazi wa Irving kando ya Dallas, alitoka kwake alfajiri ajiunge na darasa letu la sanaa la Houston. Alikuja na viatu vya kisigino. Alikuwa ameambiwa tunakwenda kituo cha usanifu majengo, naye akawazia vioo, lifti na kahawa ya vikombe vidogo. Tulipokutana Brenham, kwenye barabara ya 290, akauliza kituo kiko mtaa gani. Mwalimu akanyoosha kidole upande wa ng'ombe.

Winedale ni shamba. Liko karibu na Round Top, kamji ambako wakazi wote hawafiki 100. Wakibanana kidogo, wanaenea kwenye daladala mbili za Mbagala. Aliyelipa umaarufu ni Bi Ima Hogg, binti wa gavana na tajiri wa Houston, aliyenunua nyumba kongwe ya hapo miaka ya 1960, akaifufua, na mwaka 1965 akaikabidhi Chuo Kikuu cha Texas. Mimi nimekulia Lushoto kwenye nyumba ya miti na udongo, nikiomba usiku na mchana Mungu atupe matofali. Sasa nalipa ada nikatazame mbao za mkulima. Nyumba ya shamba huwa sanaa siku tajiri wa mjini anapoipenda. Kabla ya hapo huitwa umaskini.

Lakini Wateksas nawavulia kofia. Jumba la McGregor lilijengwa mwaka 1861 kwingineko, kisha likahamishiwa Winedale. Kwetu mwenye nyumba humtimua mpangaji. Huku nyumba yenyewe ndiyo inayofungasha.

Ndani ya ile nyumba aliyoinunua Bi Ima kuna dari lililopambwa karne ya 19 na mhamiaji wa Kijerumani, Rudolph Melchior. Tulilitazama mpaka shingo zikagoma. Dada wa Irving akarudi kinyumenyume aione kona vizuri, kisigino kikatua juu ya kidole cha kijana wa watu. Kijana, kwa malezi yake, akaomba radhi yeye.

Kisha mwalimu akatutoa nje atufundishe upepo. Wakulima wa zamani wa Texas walikuwa wakijenga vyumba viwili chini ya paa moja na kuacha njia wazi katikati, joto likizidi familia nzima inahamia hapo. Akaieleza vizuri sana, huku amesimama juu ya kijilima cha udongo laini.

Sisimizi wekundu wa Texas asili yao Amerika Kusini, na kichuguu chao hakina tundu juu, kwa hiyo hukishuku. Wala hawana papara. Hupanda mguu taratibu, kikosi kizima, ndipo wanapoanza kuuma karibu kwa pamoja.

"Upepo huingia hapa," mwalimu akasema, akashika goti. "Hupita katikati," akashika paja. "Hutokea..." Hapo akaruka. Wenzangu walidhani ni sehemu ya somo; mmoja akafungua ukurasa mpya akaanza kumchora.

"Mwalimu, vua!" dada akapiga kelele kwa Kiswahili. Mwalimu, asiyejua hata "jambo", alielewa mara moja, akakimbilia nyuma ya ghala.

Ilikuwa saa sita mchana, Mombasa saa mbili usiku. Dada akampigia mama yake kwa video amwoneshe nyumba. Mama akaitazama ile njia ya katikati kwa makini.

"Mwanangu, hawa walikosa pesa za kumalizia ukuta?"

"Ndivyo walivyotaka, mama. Wapitishe upepo."

"Na yule baba anayejikuna nyuma yako?"

"Ndiye mwalimu."

"Masikini! Mwambie ajipake siki. Na hiyo nyumba waizibe, ndiyo iingizayo wadudu."

Mwalimu akasogea akichechemea, akauliza mama amesemaje.

"Amesifu usanifu," dada akamjibu.

Akafurahi sana, akaomba simu amshukuru mwenyewe.