Nyati Ndani ya Boma

Hapo zamani, kijiji cha wanyama kiligawa ulinzi wake mara mbili. Mbwa walilinda vichochoro, visima na maghala. Nyati walikaa nje ya boma, pembe zikielekea mpakani. Nyati hakufunzwa kukamata mwizi wa mahindi. Alifunzwa kumponda simba. Ukimwingiza sokoni, hata akija kwa nia njema, vyungu vitavunjika.

Wazee waliyajua hayo kwa machungu. Kuna chifu aliyewahi kutuma nyati kaskazini, nchi kavu, wakatafute silaha kwa ngamia. Ngamia walikusanywa kwenye uwanja mtupu, wakanyimwa maji juani siku baada ya siku, kisha wengi wakauawa. Msimulie mtu wa Wajir hekaya hii, hatakuuliza ni uwanja gani. Atakutajia Wagalla, Februari 1984.

Kwa hiyo boma lilipojengwa upya, sharti lilichongwa kwenye shina la mbuyu. Likija gharika au janga, nyati waje kusaidia, na baraza liarifiwe. Yakiwa machafuko ya wanakijiji wenyewe kwa wenyewe, nyati wasivuke lango mpaka baraza liridhie. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 241, inasema hivyohivyo kuhusu jeshi na Bunge la Taifa. Sharti hilo si dharau kwa askari. Anayempenda nyati hamtumi akamkanyage mtoto wa dada yake.

Mwaka mmoja chifu Tembo akaleta tozo mpya. Swala vijana wakajaa njiani kuikataa. Mbwa wakauma, baadhi ya swala wakafa. Wenzao wakavunja uzio wa baraza na moto ukashika upande mmoja. Wajumbe wakatorokea njia ya chini kwa chini. Siku hiyohiyo Tembo akapiga baragumu, nyati wakaingia.

Usiku ule uvumi ulitangulia kwato. Fisi alinong'ona kuwa nyati wamekuja kumpindua Tembo. Ngedere akaapa kuwa hawataondoka hadi masika. Swala wengine waliwashangilia, wakiamini nyati atawakinga na mbwa. Hilo la mwisho ndilo linalonitisha zaidi. Raia akimwona mwanajeshi kuwa kimbilio lake dhidi ya polisi, ugonjwa uko kwa polisi, na dawa yake si kuongeza pembe mitaani.

Kulipokucha baraza likakutana, likaridhia. Mjumbe mmoja, Korongo, akaenda kushtaki kwa hakimu Kobe. Kobe akaona hali bado ni mbaya, nyati wabaki kwanza; lakini akaamuru kijiji kielezwe watafanya nini na mpaka lini. Nairobi ilikuwa hivyo vijana walipoandamana kupinga kodi mpya. Kutumwa kwa jeshi kulitangazwa tarehe 25 Juni 2024, Bunge likaidhinisha tarehe 26, na kesho yake Mahakama Kuu, katika kesi ya Chama cha Wanasheria wa Kenya, ikaagiza masharti na muda wa kazi hiyo vichapishwe katika Gazeti Rasmi ndani ya siku 2. Naiheshimu amri hiyo. Askari asiyewekewa siku ya kurudi kambini hugeuka sehemu ya mtaa, na watoto hukua wakidhani ndivyo ilivyo siku zote.

Lakini Korongo alirudi barazani na jambo jingine.

"Karani, andika saa nyati walipovuka lango. Chini yake andika saa tuliporidhia."

Mzee Kiboko akasimama. "Ndugu Korongo, paa lilikuwa linawaka. Ulitaka tuketi motoni?"

"Mzee wangu, waliochonga sharti hili waliifikiria siku ya moto. Siku ya amani nani anaita nyati? Chifu ametangulia kuita, sisi tumefuata kuridhia. Ajaye ataita, atuarifu akipenda. Wa baada yake hatatukumbuka."

"Basi unataka nini?"

"Kikao kiitwe usiku uleule, hata chini ya mwembe, hata tukiwa na masizi usoni. Nyati wangoje langoni mpaka tupige kura. Na kila ridhaa iandikwe siku yake ya kwisha. Ikifika siku hiyo, wanaotaka nyati wabaki waje kuomba upya mbele ya swala waliofiwa."

Spika akaipokea hoja, akawauliza wajumbe nani anaiunga mkono.