Wenyeji wa Sherwood

Wapo wasomaji huku Masara, Migori, wanaoujua msitu wa Sherwood kuliko kichaka cha nyuma ya boma lao. Watakuonyesha hata mwaloni alimojificha Robin Hood. Waulize mti uliokatwa jana ukashikilie shimo la dhahabu lisiporomoke, ulikuwa ober au ng'owo? Kimya, ukurasa unafunuliwa.

Ngome za Waingereza huwatoa machozi. Thimlich Ohinga, kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji tangu karne ya 16, iko papa hapa Migori, na UNESCO wameiorodhesha tangu 2018. Lakini eti njia ina vumbi.

Grace Ogot aliandika riwaya ya Miaha kwa Kijaluo, 1983. Walingoja Kiingereza. Kikatoka 1989. Sasa wanangoja filamu, ikiwezekana yenye theluji.